Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu: huyu kijana atoka lini?

Mheshimiwa, assalaam aleikum.

Niko Kisauni hapa Mombasa. Kijana wa mamangu mdogo ana skizofrenia, ugonjwa wa akili, na akiacha dawa tu anaanza kusikia sauti zamwambia watu waja kumuua, sasa usiku mmoja akamkata jirani na panga akiamini anajiokoa. Jirani alipona alhamdulillahi, na haki yake siisahau.

Kijana akapelekwa kupimwa akili, lakini kufikia hapo ashakula dawa wiki kadhaa, katulia, anakusalimia vizuri. Daktari akaandika karatasi moja, anaweza kujibu mashtaka. Basi, kila mtu akasema si mwendawazimu huyu, anajifanya.

Mheshimiwa hayo ni maswali mawili tofauti! Kama leo anafahamu kesi ni moja, kama usiku ule akili ilikuwepo ni lingine kabisa, na kifungu cha 12 cha Kanuni ya Adhabu kinauliza hilo la pili. Daktari asiposoma faili za klinik na kuongea na waliomuona siku zile atajuaje? Na hata hicho kifungu tumekirithi kwa Waingereza, kesi ya M'Naghten London 1843, kinauliza kama mtu alielewa afanyalo au alijua halifai. Madaktari wa akili wamelalamikia hilo miaka na miaka, kwa sababu mgonjwa aweza kujua vizuri panga laua na kuua ni haramu, ila yeye ameshika kwa yakini kwamba asipoanza yeye atauawa.

Tulipohangaika mpaka ugonjwa ukakubaliwa ndio ikawa "ana hatia lakini ni mwendawazimu". Kifungu cha 166 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema akae ndani kwa hiari ya Rais, yaani mpaka Rais mwenyewe aamue atoke, ripoti ya kwanza baada ya miaka 3, halafu kila miaka 2. Mwizi anapewa tarehe, mgonjwa hapewi! Na majaji wa Mahakama Kuu walishasema hilo lagongana na Katiba.

Naomba mpeleke mswada bungeni, Rais atolewe kwenye hii kazi, korti ikae na daktari kila miezi 6 imuangalie mgonjwa, na akitoka klinik ya huku Pwani iwe inamngoja na dawa. Mamangu mdogo hupanda matatu kila mwezi kwenda kumuona, akirudi huniuliza mimi kwa vile nimesoma kidogo, atoka lini. Nimwambie nini?