Kaka, taulo lilikuwa mkononi mwangu

Kaka,

Habari za pambano la ngumi kavu, zisizo na glovu, unaloandaa nimezipata kwa watu, si kwako. Wanasema unarudisha ngumi za kiume, za zamani. Wewe ndiye uliyenifundisha kufunga bandeji, heshima yako iko palepale. Ila hizo za zamani ngoja tuzizungumze.

Jack Broughton wa London, bondia mwenyewe, alitoa kanuni zake mwaka 1743: aliyeanguka asipigwe, na apewe nusu dakika kurudi kwenye mstari wa katikati ya ulingo, pambano liendelee. Hata yeye wanafunzi wake aliwavalisha glovu mazoezini. Nusu dakika ile ilikuwa ya kumpumzisha mtu, watu wa kona, yaani wasaidizi wa bondia, wakaifanya ya kumrudisha. Mwaka 1833 Simon Byrne alipigana na James Burke raundi 99, zaidi ya saa tatu. Mwishoni miguu ilimwisha, wasaidizi wake wakawa wanambeba hadi mstarini apigwe tena. Siku tatu baadaye akafa. Kanuni za 1838 zikataka mtu atembee mwenyewe hadi mstarini. Zile za 1867, alizoandika John Graham Chambers zikabeba jina la lodi mmoja, Marquess wa Queensberry, zikaleta glovu, raundi za dakika tatu, na sekunde kumi za kuinuka bila msaada.

Bila msaada, kaka! Wewe usiku wa pambano la mdogo wetu ulimtia mikono makwapani. Kengele imelia, mdogo wetu hajui hata kona yake iko wapi, ananitazama mimi. Nikanyanyua taulo nilitupe ulingoni, pambano lisimame. Ukanipokonya, ukamsukuma katikati.

Utaniambia glovu inalinda ngumi kuliko kichwa, na kwamba mkono mtupu huvunjika kabla ya fuvu. Kweli, wakongwe wale walilijua hilo. Lakini mdogo wetu alivaa glovu. Kilichomponza ni kona.

Basi ukishaamua kuandaa, weka daktari mwenye neno la mwisho, na kona weka mtu asiye na pesa yake kwenye pambano. Mimi usiku ule sikuwa na hata shilingi, ndiyo maana niliona. Na wanaosema nilikimbia, waulize ni nani aliyembeba mpaka kwenye gari wewe ukibishana na promota.

Mama bado anauliza taulo lilikwenda wapi. Nimemwambia akuulize wewe. Njoo Idi hii umjibu nikiwepo. Chumba chako hakijapewa mtu.