Risala ya wagonjwa wa kansa ya ini na wauguzaji wao kwa mgeni rasmi, Mombasa

Mheshimiwa mgeni rasmi, chifu wetu, mashekhe na wachungaji, madaktari na masista, wazee wetu, kina mama na vijana, assalam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo nyote.

Twakushukuru sana kwa kuacha shughuli zako na kuvumilia jam ya Makupa mpaka ukafika hapa kwetu, karibu sana, jisikie nyumbani. Leo tuna ombi moja kubwa, godoro la kumshika mgonjwa wa ini asisogee akipigwa mionzi.

Kikundi chetu kilianzia kwenye benchi la kungojea mionzi ya kutibu kansa, kina mama wachache tu, wengine wauguza waume zao na wengine wao wenyewe ndo wagonjwa. Leo tuna wanachama Likoni, Kisauni, Changamwe mpaka Mtwapa. Zamani mtu wa Pwani akiambiwa mionzi alifunga mzigo wa Nairobi, sasa twatibiwa hapa hapa na kwa hilo twashukuru.

Mheshimiwa, tumefanya makubwa. Tumenunua wheelchair mbili, mchango wetu wa kila mwezi walipia nauli za wasiojiweza, twazunguka masokoni kuwaambia watu mahindi yaliyoota kuvu yasisagwe, manake sumukuvu ndo iliyoua watu 125 kule Ukambani mwaka 2004, na hata ukiila kidogo kidogo kwa miaka yaharibu ini. Twahimiza pia watu wakapimwe hepataitisi B, ugonjwa wa virusi unaoshambulia ini. Na tumerekodi kwa simu sauti ya Kiswahili ya "vuta pumzi, toa, zuia" ili nyanya zetu wajue la kufanya wakiwa peke yao ndani ya chumba cha mashine, na twaamini Pwani nzima hakuna kikundi kilichofikia hapo.

Sasa tuje kwa jambo lenyewe, godoro.

Godoro hili ni mfuko mkubwa uliojaa punje ndogo ndogo, mgonjwa alala juu yake, pampu yavuta hewa, mfuko wawa mgumu ukishika umbo la mwili wake kuanzia mabega mpaka mapaja, na kesho akirudi aingia kwenye umbo lile lile. Twaomba na mkanda wake wa kubana tumbo chini ya mbavu, ili pumzi isilisukume ini sana.

Kwa sasa hivi mambo yako hivi. Mama yetu mmoja wa Likoni, yuko hapa na ametupa ruhusa tuseme, alala juu ya kitanda kigumu cha mashine mikono imeinuliwa juu ya kichwa, chini ya magoti kuna taulo iliyokunjwa, taulo yenyewe imeshikiliwa na plasta isiteleze. Alama zake za mwilini, za kuonyesha alale wapi sawa na mashine, zimechorwa kwa kalamu, na joto hili la Mombasa mpaka ashuke feri apande matatu jasho lishafuta nusu, akiwa amejipaka mafuta ya nazi ndo basi tena. Mafundi wa mionzi wahangaika kumsogeza huku na huku mpaka mistari ya leza ikutane na alama, na hao vijana twawapa heko, wafanya kazi na walichonacho.

Lakini hata alama zikikaa sawa, ini lenyewe halijatulia. Limeshikana na kiwambo cha pumzi, ule msuli ulio chini ya mapafu, lapanda na kushuka sentimita moja mpaka mbili na kwa wengine zaidi, kama dau lililotia nanga. Mtu akila akashiba tumbo lalisukuma, maji yakijaa tumboni pia. Picha ya kawaida ya eksirei yaonyesha mifupa, ini haionyeshi vizuri, kwa hivyo mifupa inaweza kuwa sawa na uvimbe uko pembeni. Daktari asipokuwa na uhakika inambidi apanue eneo la kuchoma, na akilipanua anachoma na sehemu ya ini isiyo na uvimbe, ambayo mara nyingi ishachoka na makovu, jirani yake kuna tumbo la chakula, utumbo na figo. Na mionzi ya siku hizi ya ini yaweza kutolewa kwa mara tatu mpaka tano tu, kila mara dozi kubwa. Ukikosa shabaha mara moja kati ya tano ushapoteza asilimia 20 ya dawa na hiyo asilimia 20 imeenda kuumiza mahali pengine, hairudishwi.

Mheshimiwa, twasema haya kwa heshima zote, wewe si wa kwanza kusomewa ombi hili. Mgeni wetu mmoja aliahidi godoro kabla ya Ramadhani, tukapiga makofi na picha tukapiga, Ramadhani ikapita na nyingine ikaja. Mwingine alituma watu wakapima kitanda wakaandika, tangu hapo simu zao hazishikwi. Tulioshangilia nao siku ile, kuna ambao hatunao leo, Mungu awarehemu.

Kwa hivyo twaomba magodoro mawili, mikanda miwili na pampu yake, na mafundi wetu wafunzwe kuvitumia. Hatuombi tena kuahidiwa "tutaliangalia". Bei zote zimo kwenye bahasha ya kaki iliyo mbele yako, mwekahazina amesimama pale kando ya spika na kitabu chake, na twakuomba kabla hujapanda gari ututajie tarehe, mbele ya watu hawa, tuiandike.

Ni sisi wagonjwa na wauguzaji wao. Ahsante.