Risala ya Wahitimu wa Fani za Sanaa na Insia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Ndaki,
Wahadhiri wetu,
Wazazi na walezi,
Wahitimu wenzetu, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi. Karibu sana.

Sisi ni wahitimu wa historia, falsafa, isimu, fasihi, lugha na sanaa za maonyesho. Hakuna hata mmoja wetu ambaye hajaulizwa swali hili, na ndugu, na jirani, na hata dirishani alipokwenda kufuatilia mkopo: "Sasa hiyo shahada utaifanyia nini?" Hatukasiriki. Mara nyingi anayeuliza ni mzazi aliyejinyima ili sisi tusome, naye ana haki ya kujibiwa. Tunaomba kulijibu leo mbele yako, kwa sababu wewe ni miongoni mwa wanaolizungumza wakati wa kupanga bajeti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika muhula wetu wa kwanza mwalimu wa historia aliingia darasani na nakala za barua moja tu ya ofisa wa kikoloni. Ukurasa mmoja, umepigwa taipu, wino umeziba matundu ya herufi. Akasema tutaisoma kwa saa mbili. Baada ya dakika kumi kila mtu alikuwa amemaliza na anaangalia dirishani. Ndipo akaanza kuuliza. Barua hii kaandikiwa nani, na nakala kapelekewa nani mwingine? Aya ya tatu inasema "hatua zilichukuliwa": nani alizichukua, na alimchukulia nani? Hapa juu pana namba ya jalada. Jalada lenyewe liko wapi? Saa mbili ziliisha hatujafika mwisho wa ukurasa.

Swali hilo la jalada limewahi kuulizwa pia mahakamani. Mwaka 2009 wazee watano kutoka Kenya walifungua kesi katika Mahakama Kuu jijini London, wakiidai serikali ya Uingereza fidia kwa mateso waliyoyapata kizuizini enzi za Mau Mau. Wanahistoria watatu, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walitoa ushahidi wa kitaalamu. Anderson alieleza kwamba majalada yapatayo 1,500 yaliondolewa Kenya kwa ndege kabla ya uhuru wa 1963, na kwamba hayakuwa yamefunguliwa kwa watafiti. Mwaka 2011 serikali ilikiri kwamba inayo, yamehifadhiwa mahali paitwapo Hanslope Park huko Uingereza, pamoja na maelfu ya mengine yaliyotoka katika makoloni 37. Juni 2013 ikaeleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kumaliza madai ya watu 5,228.

Mawakili walifanya kazi kubwa katika kesi ile, na wazee wenyewe walionyesha ujasiri ambao hatuna maneno ya kuueleza. Makovu walikuwa nayo miaka yote hiyo. Lakini ili mahakama iyaone kama sehemu ya utawala mzima, na si ukatili wa askari mmoja mmoja, ilihitajika watu waliozoea kukaa miaka kadhaa na masanduku ya karatasi, wakajua kipi kimo na kipi kimenyofolewa. Ujuzi huo una darasa lake, na darasa hilo ndilo tunalohitimu leo.

Tutataja na mfano wa jirani zetu wa anthropolojia, wanaochunguza mila na maisha ya jamii. Ebola ilipozidi huko Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, madaktari walijua kwamba kugusa maiti kunaambukiza. Hata hivyo, zipo familia zilizoficha wagonjwa na kuzika usiku, kwa sababu mpendwa wao alikuwa akichukuliwa na watu waliofunikwa mpaka macho, bila dua wala kuagwa. Wanaanthropolojia walikaa na familia hizo na kuuliza: katika mazishi, nini hakiwezi kuachwa, na nini kinaweza kubadilishwa? Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, ambao uliwapa ndugu na viongozi wa dini nafasi yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunayasema haya wakati mifumo ya kufadhili vyuo vikuu inabadilika, na mara nyingi fani zetu ndizo zinazoguswa kwanza. Mwaka 2012 Uingereza ilipandisha ada hadi pauni 9,000 kwa mwaka, na fani nyingi za sanaa na insia zikapoteza ruzuku ya kufundishia. Mwaka 2015 waziri wa elimu wa Japani aliviandikia vyuo vikuu vya taifa akivitaka kufunga au kugeuza baadhi ya idara za insia na sayansi za jamii. Australia, kuanzia 2021, mchango wa mwanafunzi wa historia ulipanda kutoka kama dola 6,800 za huko hadi 14,500 kwa mwaka, huku wa hisabati na kilimo ukishushwa hadi kama 3,950. Wanafunzi wachache sana walibadili chaguo lao. Wengi walibaki na deni kubwa zaidi, na tathmini ya vyuo vikuu iliyotolewa nchini humo mwaka 2024 ilishauri mpango huo uondolewe.

Hatupingi nchi kutaka wauguzi na wahandisi. Tunawahitaji, na wengine ni ndugu zetu wa tumbo moja. Kinachotuuma ni kwamba ada ya falsafa ikipanda, mtoto wa mwenye nacho ataendelea kuisoma. Atakayegeuzwa mlangoni ni yule ambaye babu yake ametajwa kwenye majalada yale.

Kwa hiyo tunaomba, Mheshimiwa. La kwanza, mwombaji wa mkopo apimwe kwa uhitaji wake, asipimwe kwa jina la kozi. La pili, na hili tunalisisitiza, mwalimu anapostaafu nafasi yake ijazwe. Idara haifungwi kwa tangazo. Mzee anaondoka, somo lake linaandikwa "halitolewi mwaka huu", mwaka unaofuata vivyo hivyo, na lugha aliyokuwa akiifundisha peke yake haina tena wa kuirithisha. La tatu, thamani ya shahada isipimwe kwa mshahara wa mwaka wa kwanza tu. Mfasiri, mtunza nyaraka au mwalimu wa fasihi huonekana kazi yake baada ya muda mrefu.

Nasi tunaahidi kutojifungia. Wapo kati yetu wanaojifunza takwimu na programu za kompyuta ili kusoma nyaraka nyingi kwa pamoja, na tungependa wenzetu wa sayansi nao waje kwenye madarasa yetu.

Wahadhiri wetu, asanteni kwa saa zile mbili. Wazazi, tumejitahidi kulijibu swali lenu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nakala ya barua ile tumeiweka ndani ya bahasha ya risala hii. Tunakuomba ukipata nafasi uisome, uanzie aya ya tatu.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu wa Fani za Sanaa na Insia