Risala ya Wahitimu wa Fani ya Taarifa za Afya kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Mkoa. Mkuu wa Chuo. Walimu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Kwa kuwa wengi wetu tunatarajia kutumika katika hospitali za umma, tunaomba kusema jambo moja tu: namna ya kupima ubora wa huduma zinazotolewa huko kwa njia ya mtandao.

Leo hospitali nyingi za Serikali husajili wagonjwa, hutoa namba za malipo na hutunza majibu ya maabara kwa GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa Serikali wa kuendesha shughuli za hospitali, na kwa tiba mtandao picha ya mionzi iliyopigwa mkoani huweza kusomwa na daktari bingwa aliyeko Dar es Salaam. Tunalipongeza hilo kwa dhati. Hata hivyo, taarifa nyingi huishia kuhesabu vituo vilivyounganishwa na wagonjwa waliosajiliwa. Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari na mtafiti wa ubora wa huduma za afya, aliandika kwamba ubora wa tiba hutazamwa katika mambo matatu, yaani nyenzo zilizopo, namna kazi inavyofanyika, na hali ya mgonjwa baada ya kuhudumiwa. Sisi tumekwama kwenye nyenzo.

Mheshimiwa, tukiwa katika mazoezi kwa vitendo kwenye hospitali moja, tulimpokea mama aliyewekewa miadi ya saa 3 asubuhi kupitia simu ya mwanawe. Alipofika alielekezwa kwenye foleni ileile ya waliokuja bila miadi, akamwona daktari saa 7 mchana. Mfumo uliandika kuwa miadi imekamilika. Kompyuta haikudanganya, haikuulizwa alisubiri muda gani.

Kwa hiyo tunaomba ofisi yako iziagize hospitali za mkoa kurekodi muda kati ya saa ya miadi na saa ya kumwona daktari, muda wa majibu ya bingwa kurudi, na saa ambazo huduma husimama mtandao unapokatika. Wenye simu za kitochi waulizwe pia, maana hawaonekani kabisa katika takwimu za sasa. Usiri wa majalada nao ukaguliwe kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tuko tayari kuanza kazi hiyo kwa kujitolea katika hospitali yoyote utakayotupangia.

Tunaomba kuwasilisha.