Iache dakani kwanza

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa pembeni akitaka kujua kama umekula. Umeniuliza swali fupi: ile barua pepe ya watu wa intaneti, inayosema malipo ya mwezi hayajaingia na laini itakatwa Ijumaa, ni ya kweli au ni ya matapeli? Jibu lake si fupi, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Nikutoe wasiwasi kwanza: ni ya kweli. Lakini sikujua kwa kuitazama. Fomu ya kuwekewa laini ninayo mimi, maana tuliandikisha kwa jina langu ulipohamia hapo Shela ya Malindi (sisi wa Lamu wenye Shela yetu jina hilo hatuwapi, ila tuyaache). Nilipiga namba iliyo kwenye fomu, nikachezewa muziki dakika kumi na moja, ndipo binti mmoja akaniambia deni lipo na barua wameituma wao.

Ingekuwa ni kuhukumu kwa sura, ningeitupa. Inaanza na "mpendwa mteja" bila jina, ina makosa mawili ya tahajia, na anwani iliyotoka si ya kampuni. Kampuni nyingi hazitumi ankara zenyewe. Kazi hiyo huipa kampuni nyingine, na mteja hapewi habari. Ile ya matapeli iliyoniuma mimi ilikuwa safi kama kanzu ya Idi.

Hii sijawahi kukwambia. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, intaneti ikawa inatambaa. Wakumbuka wageni wa chumba cha juu walivyokuwa wakishuka kila saa kuniuliza, kana kwamba waya nimeukata mimi. Siku chache baadaye ikaja barua pepe: kampuni inaomba radhi, wateja watarudishiwa fedha za siku zile, bonyeza hapa uthibitishe akaunti yako. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, na mimi nimesimama ubaoni miaka ishirini na minane. Nembo ndiyo, rangi ndiyo. Na habari yenyewe ilikuwa kweli! Nyaya zilikatika kweli, na mimi nilikuwa nimelalamika kweli. Tapeli hakuhitaji kutunga kitu, alipanda tu chombo kilichokuwa tayari kinakwenda.

Nikabonyeza. Ukurasa ukaniomba anwani yangu ya barua pepe na neno lake la siri. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Watu wa intaneti wana haja gani na ufunguo wa sanduku langu la barua? Sikusimama. Akili ilikuwa imeshaanza kuhesabu fedha za kurudishiwa.

Juma moja likapita. Mgeni mmoja wa Ujerumani, aliyetaka chumba wakati wa Maulidi, akaniuliza kwenye WhatsApp kama malipo ya awali yamefika kwenye akunti yangu mpya. Akunti mpya ipi? Kumbe mtu alikuwa anasoma barua zangu zote na kuwajibu wageni kwa jina langu. Shilingi elfu thelathini. Nikabadilisha neno la siri saa ile ile, nikaona nimemfungia nje. Siku mbili baadaye mgeni wa pili naye akaandikiwa. Ni kaka yako aliyefungua mipangilio ya barua pepe akakuta amri imewekwa mle: kila barua yenye neno la malipo ipelekwe kwa anwani ya mtu tusiyemjua, kisha ifutwe kwangu. Mimi nimebadilisha kitasa, mwenzangu alikwisha toboa ukuta.

Mgeni alilala chumbani kwake, sikumdai tena. Ndiyo sababu mwaka ule nilikwambia fedha za kupaka nyumba chokaa zimeishia kwa seremala. Seremala hakula kitu. Ukipita Langoni umsalimie vizuri.

Sasa nisikilize. Nyumba zetu zina daka, ukumbi mdogo wa mlangoni, na si kwa urembo. Mtu hupiga hodi, hukaa pale kwenye baraza, hupewa kahawa, shida yake ikasikilizwa. Ndani hapiti mpaka ajulikane. Barua pepe yoyote inayodai fedha, au inayotoa fedha, iache dakani. Isome ujue inataka nini, kisha uende mwenyewe kwa njia unayoijua: programu yao uliyokwisha kuiweka kwenye simu, au namba ya kwenye fomu. Namba iliyo ndani ya barua usiipige. Ukiipiga utapokewa, tena kwa adabu.

Ukitaka kuikagua ikiwa pale dakani, ikagua. Simu hukuonyesha jina la mtumaji tu, na jina kila mtu hujipa alitakalo. Liguse uione anwani kamili. Linki nayo usiibonyeze, ikandamize kidole mpaka ikuonyeshe inakokwenda. Anwani ya tovuti isome kama jina la mtu, ukoo uko mwisho. Ile yangu ilikuwa na jina la kampuni na .co.ke yake, ila haikuishia pale. Baada ya ke kulikuwa na nukta nyingine na jina jingine kabla ya mkwaju wa kwanza (alama ya /, ukiacha ile miwili ya https://), na jina hilo la mwisho ndilo lililokuwa mwenye nyumba. Nililiona baadaye, nimevaa miwani.

Hata anwani ya mtumaji yaweza kughushiwa, kwa kuwa barua pepe ilipoundwa haikumdai mtu kitambulisho. Ni kama kuandika jina nyuma ya bahasha. Siku hizi kuna ukaguzi. Kwenye kompyuta, Gmail hukuonyesha asili ya barua, na utakuta SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kuhakiki mtumaji. Ikisema FAIL, usiifuate. Ikisema PASS kote, jua tu kwamba imetoka kweli kwa wenye jina lile la baada ya @ kwenye anwani. Kama mwenye anwani ni mwizi, basi imetoka kweli kwa mwizi. Kufuli la juu ya ukurasa ni vivyo hivyo. Kufuli hata mwizi hulipata bure.

Na likikutokea, kwa kuwa laweza kukutokea, badilisha neno la siri, tazama hizo amri kwenye mipangilio, weka uthibitisho wa hatua mbili (neno la siri peke yake lisitoshe kuingia), na unipigie saa hiyo hiyo. Mimi nilikaa kimya siku mbili kwa aibu kabla sijamwambia kaka yako, na mgeni wa pili aliandikiwa katika siku hizo.

Deni la mwezi nimelilipa kwa namba ya Paybill ya kwenye fomu, kwa hiyo usilipe mara mbili. Fomu nimeipiga picha, nakutumia. Iandike namba ile kwa mkono na uibandike karibu na ruta. Mama yako amekufungia mahamri na kikopo cha achari, kesho asubuhi kaka yako anavusha Mokowe kuviwahisha basi. Kikopo ukirudishe, amesema.

Wasalaam,
Baba yako