Shangazi, nitajuaje kama ni kipandauso au kiharusi?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36, mama wa watoto watatu, fundi cherehani huku Ngamiani, Tanga. Kipandauso ninacho tangu nikiwa darasa la saba. Changu hakianzi na kichwa, kinaanzia machoni. Niko natunga uzi, mara pembeni mwa jicho kinatokea kidoa kinachometameta, kinatanuka polepole kikiwa na ukingo kama meno ya msumeno, mpaka tundu la sindano silioni tena. Halafu ganzi ya vidole, inapanda mkono hadi mdomoni. Baada ya nusu saa hivi vyote vinaondoka, ndipo kichwa kinagonga upande mmoja, natapika, najifungia chumbani na kanga dirishani. Mama mkwe anasema nina pepo, nipungwe. Ngoma ya pepo ni gharama, kwa hiyo hilo liliishia hapo.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki kufuata vidonge vya majira, mwaka wa nne huu navimeza. Siku zote nilikuwa nanunua dukani na sikuwahi kuulizwa kitu. Safari hii nesi akauliza, "Kabla ya kichwa kuuma, huoni vimulimuli?" Nikasema naona. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kuwa kipandauso cha namna hiyo huongeza kama mara mbili hatari ya kiharusi cha damu kuganda, na vidonge vyenye homoni ya estrojeni, kama hivi vyangu, vinazidisha, ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtu kama mimi asivitumie. Presha yangu nzuri, sigara sivuti, na kwa umri wangu uwezekano wenyewe bado ni mdogo, nisikose usingizi. Ila nibadili: kijiti, sindano ya uzazi wa mpango au kitanzi.

Nisikose usingizi! Mama yangu mdogo, kule Pangani, alipooza upande mmoja usiku, nyumba nzima ikasema upepo mbaya, wakangoja papambazuke. Mpaka leo anaongea maneno mawili matatu tu.

Nesi alinifundisha kwamba kiharusi huja kwa mpigo, uso unapinda, mkono unalegea, ulimi unagoma, wakati kipandauso kinatambaa. Kliniki nilielewa vizuri. Lakini wiki iliyopita usiku ganzi ilitangulia na vimulimuli havikuja kabisa. Kinyume na mazoea yangu yote. Nililala nahesabu dakika, naona haya kumgongea shemeji mwenye bajaji kwa ajili ya "kichwa chako kile kile". Asubuhi nilikuwa mzima, nikashona sare za shule, hospitali sikwenda. Nilikosea?

Na mume wangu. Kijiti hataki, kasikia kinapotea mwilini. Sindano eti inafunga kizazi. Kitanzi hata kukitaja sijathubutu. Vidonge nimeviacha bila kumwambia, na wiki ya pili sasa kila usiku namwambia kichwa kinaniuma, wakati kwa mara ya kwanza hakiumi. Shangazi, nianzie wapi maneno haya, nimpeleke kwa nesi akayasikie mwenyewe au nikaweke kijiti kwanza? Na usiku kama ule ukirudi, nimwamshe nani?

Fundi wa Ngamiani, Tanga