Malalamiko kuhusu mpira wa mkojo uliopakwa madini ya fedha

Umoja, Nairobi

Kwa Meneja wa Mauzo,

MINTARAFU: MPIRA WA MKOJO MLIOUZA KWA AHADI YA MIEZI MITATU

Nawaandikia kwa niaba ya baba yangu, mzee wa miaka 74, anayevaa mpira wa mkojo, yaani bomba laini linaloingizwa kwenye kibofu ili kutoa mkojo, tangu mwaka jana kwa sababu ya tezi dume. Tulikuwa tukinunua mpira wa kawaida kwenye duka la dawa, na muuguzi wa hapa mtaani anakuja kuubadilisha. Mwezi Januari wakala wenu alinikuta dukani akaniambia mna mpira uliopakwa madini ya fedha, bakteria hawausogelei, na mzee atakaa nao miezi mitatu. Bango lenu ukutani lilisema hayohayo. Bei yake ilikuwa mara nne ya ule wa kawaida. Nililipa, maana baba alishachoka kuvuliwa nguo kila baada ya wiki chache.

Wiki ya sita mkojo ulianza kuwa mzito na kunuka. Sikushtuka, na hapo ndipo paniumapo hadi leo. Nilijiambia mpira huu una kinga. Usiku wa siku ya 46 baba alitetemeka kwa homa mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Tumbo la chini lilikuwa limejaa na kukaza, na mfuko wa mkojo ulikuwa mkavu. Tulimkimbiza hospitali saa nane usiku.

Muuguzi wa zamu alipoutoa mpira ule alinionyesha ncha yake chini ya taa. Tundu lilikuwa limezibwa na ukoko mweupe, mgumu, kama ule unaoganda chini ya birika tukichemsha maji ya chumvi ya kisima hapa Umoja. Alinieleza kwamba wapo bakteria wanaovunja urea, taka ya mwili iliyo kwenye mkojo. Mkojo hupoteza asidi yake, na chumvi za kalsiamu na magnesiamu huganda kwenye mpira. Ni kweli fedha huua bakteria inaowagusa. Lakini ikishafunikwa na utando wao pamoja na ukoko ule, haiwafikii tena.

Nilikuwa nimeitunza katoni. Ndani yake mna kikaratasi cha Kiingereza, herufi ndogo kama chawa, kinachosema mpira huo usizidi siku 28. Bango miezi mitatu, kikaratasi siku 28, na yote mawili ni yenu.

Hata kwa matumizi ya siku chache, ahadi yenu imepita kiasi. Utafiti wa matumizi hayo katika hospitali 24 za Uingereza, wenye wagonjwa zaidi ya 7,000, ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2012. Mpira wenye fedha haukupunguza maambukizi yenye dalili kuliko mpira wa kulinganishia usio na fedha. Ninyi ndio wauzaji. Habari hii ilipaswa kunifikia kupitia kwenu, kabla sijatoa pesa. Ibara ya 46 ya Katiba yetu inampa mnunuzi haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili anufaike na bidhaa.

Naomba mbandue mabango yale, na mwandikie kila duka mlilouzia ili wateja waambiwe ukweli kuhusu siku 28. Kuna wazee wengine wanaohesabiwa miezi mitatu wakati huu ninapoandika. Idadi ya siku ichapishwe juu ya katoni, kwa Kiswahili, kwa herufi anazoweza kusoma mtu anayemuuguza mzazi wake usiku. Mturudishie pia bei ya mpira na gharama za hospitali. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka taarifa kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Nimeambatisha risiti, kikaratasi na picha ya bango. Mpira wenyewe ninao, ndani ya mfuko uliofungwa, na nitamwonyesha yeyote mtakayemtuma aje kuukagua.

Wenu,
Binti wa mgonjwa